Kutoa ngoma za nyuma na kufunga diski kwenye Land Rover 110 pikapu, hatua kwa hatua

Wakuu, leo naongelea Land Rover 110 pikapu, zile zilizoanza kutoka 1983, mbele zina diski ila nyuma wameziacha na ngoma za inchi 11. Ngoma zile siyo mbaya kihivyo zikiwa safi na zimeadjastiwa, shida ni kwamba hazijiadjasti zenyewe, lazima mtu aingie chini azungushe zile bolti mbili za nyuma ya sahani (bamba linaloshika shuu, zile zinazobana ngoma kwa ndani) kila wakati, na wengi wetu hatuingii chini mpaka pedali ianze kwenda mbali. Ukivuka mto au ukipita kwenye matope ndo kabisa, maji yanakaa ndani ya ngoma na breki ya kwanza ukikanyaga gari inavuta upande mmoja. Sasa uwe umebeba tani ya mahindi unashuka mlima Kitonga, hapo huongei na mtu.

Uzuri wa 110 ni kwamba kiwanda chenyewe kilishamaliza hii kazi. Kuanzia 1994 Defender 110 (jina la baadaye la hiyohiyo 110) zikaanza kutoka na diski nyuma, na difu ni ileile Salisbury kubwa (jina la ile difu nzito ya ekseli ya nyuma) iliyoendelea mpaka miaka ya mwanzo ya 2000. Kwa hiyo vifaa vipo na vimepimwa na watu waliotengeneza gari, huna haja ya fundi wa kuchomelea akukatie bamba la kushikia kalipa, kile kifaa kinachobana pedi kwenye diski. Hilo bamba la kuchomelea mimi silikubali hata kidogo. Nimeyaona mengi, yanapigwa rangi yanapendeza, ila ile kalipa ikibana diski nguvu yote inaishia kwenye hiyo weldi, na hakuna mtu anayejua ndani ya weldi kuna nini.

Kitu cha pili, na hiki ndo kinachofanya nipendekeze 110 kuliko pikapu nyingi za zamani: hendibreki haipo kwenye matairi. Ipo nyuma ya transfa (boksi linalogawa nguvu mbele na nyuma), ni kangoma kadogo kanakoshika propela ya nyuma, ile shafti ndefu inayopeleka nguvu kwenye ekseli. Kwenye pikapu nyingine ukishatoa ngoma unaanza kuumiza kichwa hendibreki itakaa wapi, hapa huigusi kabisa.

Ila hiyohiyo hendibreki ndo inaua watu, kwa hiyo soma hapa taratibu. Kwa sababu inashika propela na siyo tairi, ukiinua tairi MOJA la nyuma kwa jeki, difu inaruhusu lile lililo hewani lizunguke na lile lililo chini nalo lizunguke upande mwingine, gari linatembea wakati hendibreki umeivuta mpaka mwisho. Kwa hiyo kabla jeki haijaingia, paki sehemu ya tambarare yenye sakafu ngumu, weka mawe au magogo mbele na nyuma ya matairi ya mbele YOTE mawili, funga difu loki ya katikati, weka gia. Halafu inua, weka stendi mbili chini ya ekseli, shusha gari likae kwenye stendi. Usiingie chini ya gari lililosimama kwa jeki peke yake, wala tofali la bloku usiweke, lile linapasuka bila kuaga.

Vifaa

Unatafuta seti ya nyuma ya Defender 110 ya kuanzia 1994 yenye Salisbury. Kwa kila upande: stabu ekseli (kile kipande cha mwisho wa ekseli kinachobeba habu), bamba la kalipa, habu (inayobeba tairi), diski, kalipa, kinga ya vumbi, na shafti yake ya ndani ya ekseli na flanji yake. Nasema chukua vyote kutoka gari moja, usichanganye. Stabu ekseli ya ngoma na ya diski siyo moja, na muuzaji atakwambia "inaingia tu hiyo" kwa sababu yeye anataka kuuza. Shafti ukiziweka pembeni ya zile zako hesabu meno na pima urefu kabla hujalipa. Na usikubali kuuziwa za Discovery au Range Rover eti ni Land Rover tu, zile difu yake ni nyingine na ni nyepesi, pikapu ya mzigo haiwezi.

Kama uko Dar zunguka Gerezani, Arusha mjini Land Rover zipo za kumwaga, na waliopo Kenya wanajua Kirinyaga Road. Mtumba wa stabu ekseli, bamba na habu hauna shida kama sehemu inapokaa sili haijachimbika, pitisha kucha pale, kucha ikikwama acha. Vitu hivi nunua vipya bila kubishana: diski, pedi, sili, hozi ya mpira, pini na springi za pedi, washa za kufunga nati. Kalipa mtumba unaweza ukachukua ila zifunguliwe, pistoni zisiwe na kutu, uweke ripea kiti mpya (seti ya sili zake). Beringi nazo mpya, nunua kampuni yenye jina.

Ukibahatika kupata ekseli nzima yenye diski kutoka kwenye 110 nyingine, chukua, ni kazi ndogo zaidi, unafungua zile mikono ya chini, jointi ya A ya juu, springi, shokapu, propela na hozi, unaingiza nyingine. Angalia tu uwiano wa meno ya difu uwe 3.54 kama ya mbele, maana gari ni foo wili muda wote, namba zikipishana mbele na nyuma utaua transfa. Na uwe na watu watatu wenye nguvu, Salisbury siyo ya kubeba na mkeo.

Spana: 17 utaitumia sana, 27 ya nati za tairi, boksi ya 52 ya nati ya habu, na spana ya kupima nguvu (namba za Nm utakazoziona huko chini ndo zake). Ile 52 tafuta, acha habari ya kugonga nati kwa patasi, unaharibu nyuzi za stabu ekseli na kuacha vyuma ndani ya beringi. Jua pia Land Rover ya miaka hiyo imechanganya inchi na milimita, nati za propela kwa mfano ni 9/16, ukilazimisha 15 unazimaliza kona.

Hatua ya 1: Kuvua

Siku moja kabla pulizia WD-40 kwenye nati za paipu za breki na bolti zote za nyuma. Paipu ndo zinazosumbua, ikigoma usizungushe kwa nguvu ukaisokota, ipashe moto kidogo au kubali kukata utengeneze nyingine. Legeza nati za tairi gari likiwa chini.

Tairi zikitoka, weka beseni, fungua bolti tano za shafti, vuta shafti nje. Oili ya difu itachuruzika kidogo, kawaida. Ngoma ina skrubu ya kuishikilia, toa hiyo, zungusha adjasta nyuma ili shuu zirudi ndani halafu gonga ngoma na nyundo ya mpira. Vumbi la ndani USIPULIZE na kompresa, shuu za zamani nyingi zina asbesto, mwagia maji yenye sabuni au spirei ya kusafishia breki, futa na tambara, tambara litupe.

Nyoosha washa iliyokunjwa, fungua nati ya nje ya 52, toa washa, fungua ya ndani, vuta habu ije na beringi zake. Nyuma yake kuna bolti sita zinazoshika stabu ekseli pamoja na sahani ya breki, zikitoka hizo vyote vinakuja mkononi. Unabaki na uso mtupu wa ekseli. Hapa usiwe na haraka, kwangua gasketi ya zamani yote, piga brashi ya waya, weka tambara ndani ya tundu uchafu usiingie kwenye difu. Uso huu ukiwa na kutu au rangi nene, bamba la kalipa litakaa upande na diski haitapita katikati ya kalipa.

Hatua ya 2: Kufunga stabu ekseli na bamba

Gasketi mpya, bamba la kalipa, stabu ekseli, bolti sita, kaza kwa mkato wa msalaba mpaka 65 Nm. Kinga ya vumbi inaingia hapohapo, usiisahau ukakumbuka habu ikiwa imeshakaa.

Hatua ya 3: Habu na diski

Diski ya 110 haivaliwi kwa nje kama ya gari dogo, inakaa NYUMA ya habu kwa bolti tano. Maana yake siku nyingine ukitaka kubadili diski lazima ushushe habu, ndo maana nikasema diski iwe mpya. Safisha diski kwa petroli au spirei itoke ile mafuta ya kuzuia kutu, funga bolti kwa 73 Nm.

Paki beringi na grisi, na hapa wengi wanapaka tu kwa nje kama mkate. Weka grisi kwenye kiganja, sukuma beringi kwa upande wake mpana mpaka uone grisi inatokea upande wa pili katikati ya rola, zungusha, rudia mpaka imalizike mzunguko. Gonga sili mpya, mdomo wake uangalie ndani ya habu, upake grisi kidogo.

Ingiza habu, beringi ya nje, washa, nati ya ndani. Adjasti hivi: kaza 50 Nm huku UNAZUNGUSHA habu, rudisha robo mzunguko, kaza tena 10 Nm tu. Weka washa mpya ya kufunga, nati ya nje 50 Nm, kunja washa upande mmoja ndani na mwingine nje. Zile gari za miaka ya mwishoni mwa tisini zina nati moja na bushi ndani, kama seti yako ni ya hizo utaratibu wake ni mwingine, usitumie namba hizi. Ukimaliza shika diski juu na chini tikisa, usisikie mchezo, na izunguke bila kukwama. Ukiwa na dayo geji (saa ya kupimia kuyumba) pima diski inavyoyumba, isizidi 0.15 mm. Ikizidi fungua ucheki kama kuna uchafu kati ya diski na habu, mara nyingi ndo hiyo tu.

Gasketi, shafti, bolti tano 65 Nm.

Hatua ya 4: Kalipa

Kalipa ya kushoto na ya kulia zinafanana, na zote zinaingia pande zote, ila nipo ya kutoa hewa lazima ikae JUU. Ukikosea upande utatoa hewa mpaka jioni na pedali itabaki ni sponji, maana hewa imekaa juu ya nipo haina pa kutokea. Bolti za kalipa 82 Nm. Ingiza pedi, pini mpya, springi. Kisha chungulia toka juu, nafasi ya diski kushoto na kulia ndani ya kalipa ilingane.

Paipu tengeneza mpya za kopa zenye mchanganyiko wa nikeli kama unapata, zinapinda vizuri na hazishiki kutu. Zifuate njia ya ekseli, zifungwe klipu, zisiguse springi. Hozi ya katikati badilisha, iache ekseli ishuke mpaka mwisho bila kuivuta.

Hatua ya 5: Masta na valvu

Hapa ndo kazi nyingi za nyumbani zinaharibikia. Diski za nyuma zinahitaji mafuta mengi kuliko wili silinda (zile zinazosukuma shuu za ngoma), na mgawanyo wa presha mbele na nyuma unabadilika. Ukiweza pata masta silinda (ile inayosukumwa na pedali) na valvu ya kupunguza presha ya nyuma kutoka kwenye gari hilohilo ulilochukua seti, ufunge pamoja. Usitoe valvu eti breki ziwe kali, pikapu tupu nyuma ni nyepesi, tairi za nyuma zikifunga kabla ya za mbele gari linageuka mkia unakuwa mbele.

Hatua ya 6: Kutoa hewa

DOT 4 mpya kutoka kwenye chupa iliyofungwa, na siyo ATF au haidroliki, zile zinavimbisha mpira wote kuanzia masta mpaka kalipa. Injini izimwe. Anza na tairi la mbali na masta, kwa gari zetu za usukani kulia ni nyuma kushoto, halafu nyuma kulia, mbele kushoto, mbele kulia. Mpira wa uwazi kwenye nipo, mwisho wake uzame kwenye chupa yenye mafuta kidogo. Msaidizi akanyage taratibu na asipeleke pedali mpaka sakafuni kama masta ni ya zamani, weka kipande cha mbao chini ya pedali, kwa sababu kule mwisho sili haijawahi kufika na kuna kutu inaichana. Angalia kopo la mafuta ya breki juu ya masta lisikauke.

Hatua ya 7: Majaribio

Rudisha tairi, nati kaza kama 108 Nm kwa rimu za chuma. Washa injini, kanyaga kwa nguvu ushikilie dakika moja, mtu akague kila muunganiko kwa tochi na tishu. Tishu ikilowa rudi kaza. Jaza oili ya difu kufidia ile iliyomwagika.

Mtaani kwanza mwendo wa mguu. Kisha tafuta barabara tupu, toka 50 punguza mpaka 10 bila kusimama, mara nane au kumi hivi, ukiacha zipoe katikati, pedi zishike uso wa diski. Baada ya hapo nenda barabara ya vumbi pikapu ikiwa tupu, mwendo wa 30, mtu asimame pembeni, kanyaga ghafla. Anayeangalia akuambie zipi zilifunga kwanza. Zikitangulia za mbele uko sawa, zikitangulia za nyuma usibebe mzigo, rudi kwenye valvu.

Ukirudi gusa habu zote mbili za nyuma kwa nyuma ya mkono. Moja ikiwa ya moto sana kuliko nyingine ni pistoni imekwama au beringi umeikaza kupita. Baada ya kilomita mia kadhaa kaza tena nati za tairi na bolti za shafti, chungulia sili. Zile ngoma zako za zamani kama zina unene bado usiziuze chuma chakavu, wenye 110 za zamani wanaozitafuta wapo wengi, hela ya pedi inaweza ikarudi hapo.