Ziara ya Kundi Balkani na Pwani ya Adria kwa Msafiri wa Nyanda za Juu Kusini: Hesabu Mipaka Kabla ya Kulipa

Mtu wa Mbeya, Iringa au Njombe anayeletewa kipeperushi cha ziara ya kundi ya Balkani, yaani nchi za kusini-mashariki mwa Ulaya, na pwani ya Bahari ya Adria kwa kawaida hutazama picha kwanza, kisha bei. Mimi humshauri aanze na jambo la tatu, ambalo mara nyingi halikuandikwa popote kwenye karatasi hiyo, nalo ni idadi ya mara ambazo basi litavuka mpaka. Vipeperushi vingi vya aina hii viliandikwa kwa ajili ya Mmarekani au Mwaustralia, ambaye katika nchi za huko hupita kwa kuonyesha pasipoti tu. Mwenye pasipoti ya Tanzania anausoma ukurasa uleule akiwa na hesabu nyingine kabisa, na akiikosea atajikuta amelipia miji ambayo hataiona.

Chukua kalamu ufuate njia siku kwa siku. Mfano wa njia iliyozoeleka ni huu: ndege inatua Ljubljana nchini Slovenia, basi linapita Ziwa Bled na pango la Postojna, linaingia Kroatia kupitia Zagreb, maziwa ya Plitvice na Split, linakata kwenda Mostar katika Bosnia na Herzegovina, linarudi Kroatia kulala Dubrovnik, linakwenda na kurudi Kotor nchini Montenegro kwa siku moja, na mwishowe kundi linapanda ndege Dubrovnik. Slovenia na Kroatia zote zimo katika eneo la Schengen, yaani nchi za Ulaya zinazotumia viza moja ya pamoja, Kroatia ikiwa imejiunga Januari 1, 2023, kwa hiyo viza moja inazitosha zote mbili. Bosnia na Montenegro zimo nje ya eneo hilo. Maana yake ni kwamba katika safari hii moja utaingia Schengen mara tatu: unapotua, unapotoka Mostar, na unapotoka Kotor. Viza ya kuingia mara moja inakufikisha Mostar bila kukurudisha. Ya mara mbili inakwamia Kotor. Unachokihitaji ni neno MULT kwenye stika ya viza, katika sehemu inayoonyesha idadi ya kuingia.

Nalisema hili kwa sababu nililiona. Katika kundi letu alikuwamo mama mmoja mstaafu kutoka Makambako, ambaye fomu yake ilijazwa na wakala aliyeweka alama kwenye kisanduku cha kuingia mara moja, naye akasaini bila kusoma. Kosa lilijulikana Split, usiku wa kuamkia safari ya Mostar, kiongozi wa ziara alipokuwa akipitia pasipoti zetu moja moja mezani baada ya chakula. Kilichomwokoa mama yule ni daraja. Zamani barabara ya pwani kutoka Split kwenda Dubrovnik ilikuwa haina budi kupita Neum, kipande cha pwani cha Bosnia chenye urefu wa kilomita 20 hivi kinachoikata Kroatia vipande viwili. Lakini Julai 2022 lilifunguliwa daraja la Pelješac, lenye urefu wa kilomita 2.4, linalovuka bahari bila kuigusa Bosnia. Alikata tiketi ya basi la abiria, baada ya kuuliza mara mbili kama basi hilo linapita darajani na si Neum, akatutangulia Dubrovnik. Mostar hakuiona, Kotor hakuiona, na pesa ya siku hizo mbili haikurudi.

Sisi ambao mipaka yetu ni Tunduma na Kasumulu tumezoea kwamba jambo la mpakani huzungumzika. Huko halizungumziki.

Ukishapata viza ya Schengen ya kuingia mara nyingi, nchi zilizo nje ya eneo hilo huwa nafuu, kwa kuwa kadhaa kati yake huikubali badala ya viza yao wenyewe. Bosnia humpokea mwenye viza hiyo kwa muda usiozidi siku 30, na Montenegro vilevile. Albania humtaka awe ameshaitumia kuingia Schengen angalau mara moja, jambo ambalo katika njia inayoanzia Slovenia linakuwa limetimia kabla hujafika. Hata hivyo, taratibu hizi hubadilishwa, kwa hiyo zithibitishe kwa ubalozi unaohusika ndani ya miezi miwili kabla ya kuondoka, na uchapishe jibu ulilopewa.

Maombi hupelekwa kwa nchi ya Schengen utakakokaa siku nyingi zaidi, si lazima ile utakakotua. Katika njia niliyoitaja nchi hiyo ni Kroatia. Si kila nchi ya njia hii ina ubalozi Dar es Salaam, kwa hiyo swali la kwanza kwa wakala liwe ni nani anayepokea maombi ya nchi hiyo. Unaruhusiwa kuomba kuanzia miezi sita kabla ya safari, na si chini ya siku 15. Uamuzi kwa kawaida hutolewa ndani ya siku 15 lakini unaweza kufikia 45. Ada ya mtu mzima ni euro 90 tangu Juni 2024, na hairudishwi ukinyimwa. Alama za vidole huchukuliwa ana kwa ana, na kutoka Mbeya hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 800, basi kundi lipange miadi siku moja, lifike siku moja kabla, na pasiwepo mtu wa kushuka kwenye basi alfajiri na kwenda moja kwa moja kwenye miadi akiwa na vumbi la safari.

Kwenye vielelezo, udhaifu wetu mkubwa ni taarifa ya benki. Mkulima wa viazi wa Uyole au wa parachichi wa Njombe anaweza kuwa na uwezo kuliko mwenye mshahara, ila fedha yake hupita mkononi au kwenye simu, kisha wiki moja kabla ya maombi anaingiza mamilioni benki kwa mkupuo mmoja. Mkaguzi huona fedha ya kuazima. Anza mapema, angalau miezi sita, kupitisha mauzo yako benki, na uambatanishe stakabadhi za chama cha ushirika, leseni ya biashara, hati ya shamba, au barua ya ruhusa ya mwajiri. Kwa kifupi, chochote kinachoonyesha kwamba una kitu cha kurudia. Pasipoti iwe na uhai wa angalau miezi mitatu baada ya siku ya kutoka Schengen, pamoja na kurasa mbili zisizo na kitu, na mwenye safari ya mipaka mingi ningependa awe na nne.

Bima ya matibabu ya safari ni ya lazima, na kiwango chake cha chini ni euro 30,000. Hapa kuna mtego mwingine wa mipaka: bima nyingi zinazouzwa kwa ajili ya viza hutaja eneo la Schengen peke yake, kwa hiyo ukivunjika mguu kwenye ngazi za Kotor huna bima. Dai karatasi inayotaja nchi zote za njia kwa majina.

Mkataba wa ziara usome ukiwa umekaa. Uliza kama bei inahusisha ndege au inaanzia hotelini, milo mingapi imo, na matembezi yapi yanalipiwa pembeni, kwa sababu kiingilio cha kuta za Dubrovnik na cha Postojna mara nyingi huachwa nje ili bei iliyoandikwa kwenye karatasi ipendeze. Msafiri wa peke yake hutozwa nyongeza ya chumba. Mkiwa wawili mnaoelewana, laleni pamoja mwepuke gharama hiyo. Lililo zito kuliko yote ni kipengele cha kunyimwa viza: kiandikwe wazi kiasi kitakachorudishwa na ndani ya siku ngapi. Wakala anayejibu kwamba "hilo halijawahi kutokea" hajajibu.

Kuhusu majira, Mei, Juni mwanzoni na Septemba ndizo nyakati nzuri. Julai na Agosti joto la pwani hupita nyuzi 30 na watu hujaa vichochoroni kama soko la Mwanjelwa siku ya sikukuu. Koti lako la Mbeya lichukue hata hivyo, kwani ndani ya Postojna, ambako watalii huingizwa kwa treni ndogo, halijoto ni kama nyuzi 10 mwaka mzima. Begi liwe dogo, lenye magurudumu imara na mshikio wa kubebea, kwa kuwa miji ya zamani imesakafiwa mawe na basi haliingii ndani yake. Soketi za huko ni za pini mbili za mviringo, kwa hiyo nunua adapta kabla ya kuondoka. Fedha ni euro katika Slovenia, Kroatia na Montenegro, ambayo huitumia ingawa haimo katika Umoja wa Ulaya. Bosnia ina marka yake, mbili kasoro kidogo kwa euro moja, nazo zimalize hukohuko.

Dereva akisema saa mbili kamili, basi huondoka saa mbili kamili, na si kwa ukali wa tabia. Sheria za Umoja wa Ulaya humtaka apumzike dakika 45 baada ya saa nne na nusu za kuendesha, na kwa kawaida asizidi saa tisa kwa siku, hivyo dakika 20 mlizozichezea asubuhi hukatwa kwenye matembezi ya jioni. Siku ya mpaka, pasipoti, tiketi ya kurudi, orodha ya hoteli na bima viwe mkononi, visiwe kwenye begi lililo tumboni mwa basi. Mwambie kiongozi mapema kwamba ninyi mnaweza kuulizwa maswali zaidi ya wengine, ili asipange chakula cha mchana kwa kubana muda.

Katika vituo vyenyewe, Plitvice ni maziwa 16 yanayomwagiana maji, na kuogelea kumekatazwa. Split ni jumba la kaisari Diocletian la takriban mwaka 305 ambalo watu bado wanaishi ndani yake na kuanika nguo madirishani. Kuta za Dubrovnik, zenye urefu wa mita 1,940, zipande mlango unapofunguliwa, kabla abiria wa meli kubwa hawajashuka.

Mostar ipewe muda. Daraja lake la mawe lilikamilika mwaka 1566, likaangushwa kwa mizinga Novemba 9, 1993, likafunguliwa upya Julai 23, 2004. Aliyewahi kusimama juu ya Daraja la Mungu kule Rungwe, ambalo Mto Kiwira hupita chini yake bila fundi yeyote kuhusika, atashangaa jinsi mkono wa mtu ulivyoukaribia upinde ule. Mgongo wa daraja la Mostar umepanda sana na mawe yamesuguliwa na nyayo hadi yanang'aa. Kuna vipande vya mawe vilivyoinuliwa kama vidato, kanyaga hivyo, wala usivae viatu vya soli laini. Vijana hujirusha mtoni kutoka zaidi ya mita 20 baada ya kukusanya pesa, nawe usiige. Mashambani mwa Bosnia usiache njia iliyowekwa alama, maana mabomu ya ardhini ya vita vilivyoliangusha daraja lile hayajaisha.

Njia ikipita Sarajevo, mji mkuu wa Bosnia, simama kwenye kona ambako mrithi wa ufalme wa Austria aliuawa Juni 28, 1914. Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, iliyoanzia pale, iliwafikia wapagazi wa nyanda zetu, na jeshi la Wajerumani wa Afrika Mashariki lilisalimisha silaha Novemba 25, 1918 huko Abercorn, leo Mbala, ng'ambo tu ya mpaka wetu na Zambia.

Kuhusu chakula, usibebe unga. Milimani mwa Montenegro agiza kačamak, unga wa mahindi uliosongwa, wakati mwingine pamoja na viazi, ukaliwa kwa jibini na maziwa ya mgando; mzee wa Ilembula angenawa mikono bila kuuliza. Bosnia ina Waislamu wengi na nyama ya halali haisumbui kuipata, ila ujue kwamba kwao burek ni ya nyama tu, na yenye jibini ina jina lake, sirnica. Kahawa huletwa na chombo chake cha shaba, nzito, ya kunywewa taratibu. Mkulima wa Mbozi anayeuza buni yote na kunywa chai nyumbani asiikose.

Wakati wa kurudi, acha usiku mmoja wa kulala Dar es Salaam kabla ya ndege ya Songwe au basi, kwa kuwa ndege ya kuunganisha ikichelewa tiketi ya pili hupotea. Na lile koti lirudishe juu ya begi: Makambako saa nane za usiku mwezi Juni si Dubrovnik.