Kabla hujamdunga panya antijeni: mambo ya kuzingatia

Kibali cha maadili kiwe mkononi. Umri, jinsia na nasaba ya panya zilingane. Antijeni, yaani kitu unachodunga ili kinga ikitambue, ipimwe endotoksini, sumu ya ukuta wa bakteria, maana mabaki machache tu ya ukuta wa bakteria huamsha kinga, nawe ukadhani protini yako ndiyo imefanya kazi. Haya mengi unayajua.

Linalosahaulika ni kuuliza panya hao wanaishi na bakteria gani. Usiridhike kwa kuwa wanakula vizuri na manyoya yanang'aa.

Niliwahi kulinganisha njia mbili za kuchanja kwa ovalbumini, protini ya ute wa yai. Panya wa njia ya kwanza walitoka chumba kimoja. Wa njia ya pili tuliongezewa baadaye kutoka chumba kingine. Siku ya kupima kingamwili, sahani ya eliza, kipimo kinachoonyesha kingamwili kwa rangi, ilijigawa nusu kwa nusu: huku visima vimekolea njano, kule vimepauka kama maji. Nilifurahi mno. Nikachora grafu, nikamwambia kila mtu kwamba njia ya kwanza ndiyo yenyewe. Mwenzangu mmoja akanisihi nirudie, ila nibadilishe: panya wa chumba cha kwanza wapewe njia ya pili, na wa pili ya kwanza. Rangi ikafuata chumba, haikufuata chanjo. Vinyesi vilipopimwa kwa PCR, kipimo cha kutambua DNA ya vijidudu, chumba cha pili kilikutwa na Helicobacter hepaticus, bakteria aliyeelezwa mwaka 1994, anayekaa kwenye utumbo na ini la panya, mara nyingi bila dalili yoyote. Miezi minne ilipotea. Kinachoniuma zaidi ni wale panya, waliokufa kwa ulinganisho usiolinganisha chochote.

Maambukizi hayabadilishi kinga dhidi ya bakteria mwenyewe tu. Panya akidungwa Salmonella aliyedhoofishwa siku chache kabla, kingamwili zake dhidi ya chembe nyekundu za damu ya kondoo hushuka sana, ingawa kondoo na Salmonella hawana undugu wowote. Makrofaji za wengu, seli zinazomeza vijidudu, humwaga gesi ya nitriki oksaidi, na limfosaiti, seli nyeupe za kinga, zinashindwa kugawanyika. Bakteria wengine hufanya kinyume: sumu ya bakteria wa kifaduro hupandisha IgE, kingamwili za mzio, dhidi ya protini nyingine kabisa, na ukali wa adjuvanti kamili ya Freund, mchanganyiko wa kuongeza nguvu ya chanjo, unatokana na bakteria wa kifua kikuu waliouawa. Kwa hiyo usitegemee kosa litaelemea upande mmoja ili ulisahihishe kwa hesabu. Inategemea ni bakteria gani, na alimtangulia antijeni au walifika pamoja.

Basi pima vinyesi kabla ya sindano ya kwanza. Panya walinzi, wanaowekewa matandiko machafu ya wenzao kisha wakapimwa kwa niaba yao, wanasaidia, lakini si kila kimelea hupita kwenye matandiko. Panya hula vinyesi vya wenzao, kwa hiyo kizimba kimoja ni kama utumbo mmoja. Gawa njia unazolinganisha ndani ya vizimba vingi, usiweke kundi zima pamoja. Usikimbilie antibiotiki, nazo hubadilisha bakteria wa utumbo na kukuletea swali jipya. Andika namba ya chumba na ya kizimba kwenye kila sampuli. Weka vinyesi vya siku ya kwanza kwenye friza, hata kama huoni sababu. Na ukiletewa panya wa ziada katikati ya jaribio, hata wa nasaba ileile, wapokee kwa jaribio lijalo.