Somo: Herufi za Kikorea (Hangul) kwa anayeanza sifuri

Kila wiki naulizwa "Kikorea naanzia wapi?" Naandika hapa mara moja, atakayeuliza tena nitamwelekeza huku.

Hangul ni alfabeti kama yetu: konsonanti za msingi 14, irabu za msingi 10. Mfalme Sejong aliitangaza mwaka 1446 ili hata raia wa kawaida aweze kusoma, maana maandishi ya Kichina yalikuwa ya wasomi tu.

Hatua 1. Andika ㄱ ㄴ ㅁ ㅅ ㅇ kwenye daftari. Umbo ni kinywa chenyewe: ㄴ ni ulimi ulioinua ncha (n), ㅁ ni mdomo (m).

Hatua 2. Kistari kikiongezeka, pumzi inaongezeka: ㄱ huwa ㅋ, ㄷ huwa ㅌ, ㅈ huwa ㅊ.

Hatua 3. Irabu rahisi: ㅏ a, ㅗ o, ㅜ u, ㅣ i. Kikono cha pili kinaleta y: ㅑ ya, ㅛ yo, ㅠ yu.

Hatua 4. Hapa nilipoteza miezi. Nilikariri kwa herufi za Kilatini, ambako ㅓ huandikwa "eo". Sisi tumezoea kusoma kila herufi ilivyo, kwa hiyo 어머니 (mama) nikaitamka e-o-me-o-ni, silabi tano. Ni tatu! ㅓ ni sauti moja: anza kusema o, kisha achia midomo isiviringe. ㅡ nayo, inayoandikwa "eu", ni u iliyosemwa midomo ikiwa imetanuka kama ya i. TAFADHALI usiandike matamshi ya Kilatini pembeni ya daftari. Jicho litakimbilia huko kila siku, na kulirudisha ni kazi.

Hatua 5. Herufi hukusanywa kwa silabi. Irabu iliyosimama hukaa kulia (나 na), iliyolala hukaa chini (노 no). Silabi ikianza na irabu, tanguliza ㅇ, haisomwi. Mwishoni ㅇ hiyohiyo ni ng' ya ng'ombe: 강, mto.

MASWALI

– Mkuu, ziko herufi elfu ngapi?
Soma aya ya pili.

– Naomba orodha yenye matamshi ya Kilatini.
Hatua 4.

– Mbona mimi nilijifunza kwa Kilatini na naelewana na watu?
Sijakukataza. Nimeeleza kilichonikwamisha mimi.

– Niko Mombasa. ㅂ na ㅍ zinanichanganya.
Wewe una mtaji tayari. Sema paa la nyumba, kisha paa wa porini kama wazee wa Kimvita wanavyomtamka, kwa pumzi. Huyo wa porini ndiye ㅍ. Weka kipande cha karatasi mbele ya mdomo uone kinavyotikisika. ㅃ (ㅂ mbili pamoja) haina pumzi kabisa, koo linabana.

– Ahsante sana! Na 옷 (nguo), mbona mwisho ni ㅅ (s) lakini nasikia t?
Umesikia vizuri. Mwisho wa silabi zinabaki sauti saba tu: k, n, t, l, m, p, ng'. ㅅ, ㅈ, ㅊ zote huishia t.

– Kwenye simu naandikaje?
Nenda mipangilio, ongeza kibodi ya Kikorea. Inaunganisha silabi yenyewe.

– ㅐ na ㅔ je?
Seoul wengi siku hizi wanazitamka sawa, e. Usihangaike kuzitofautisha kwa sikio, kariri neno zima: 개 ni mbwa, 게 ni kaa wa baharini.