Somo: Taja kwanza ulipokwama, ndipo umtafute wa kukusaidia riwaya yako

Wapendwa, wiki hii nimeombwa mara nne jambo lile lile: "Mwalimu, nitafutie mhariri." Nikiuliza mswada umefika wapi, naambiwa sura ya tatu. Mswada wa sura tatu haujafikia mhariri bado, na ukimpelekea sasa atakupotezea mwaka bila kukusudia.

Nalisema kwa uchungu. Niliwahi kumpa mwalimu mmoja wa Kiswahili sura zangu mbili za mwanzo, wino haujakauka. Zilirudi nyekundu tupu: mkato hapa, upatanisho wa kisarufi pale. Kazi yake aliifanya vizuri. Ila mimi nilitaka kujua kama yule binti wa hadithi anaaminika, na hilo sikumwuliza. Nikaanza kusugua sentensi za sura ya kwanza, nikazisugua tena, na sura ya tatu ikakaa miezi minane bila kuandikwa. Leo sura ile ya kwanza haimo kabisa kitabuni.

Hatua ya 1: Andika sentensi moja

Chukua karatasi, umalizie maneno haya: "Siendelei kwa sababu…" Usijibu "sina hamu". Andika jambo linaloonekana: narudi nyumbani saa mbili usiku nimechoka, sijui mhusika wangu Salma atatokaje kwa mjomba wake, sijawahi kuingia mahakamani na sura inayofuata ni ya mahakama. Hayo ni matatizo matatu tofauti, la muda, la hadithi na la ujuzi wa mambo, na kila moja lina mtu wake.

Hatua ya 2: Kama tatizo ni kukaa na kuandika, tafuta mwenza

Mwenza si msomaji. Ni mtu naye ana mswada wake, mnapatana maneno 500 kwa siku, na saa tatu usiku mnatumiana idadi tu. Kwa siku 120 kila mmoja ana maneno 60,000. Msitumiane maandishi! Mkianza kusomana mapema mtaanza kufurahishana.

Hatua ya 3: Kama tatizo ni ujuzi wa mambo, tafuta mjuzi

Msaada huu ndio tunaoupuuza kuliko wote, nao ndio umenifaa zaidi maishani. Nilikuwa na sura inayotokea Pemba msimu wa karafuu. Nimezaliwa bara, karafuu naijua ya kwenye pilau. Nikaandika wachumaji wanapanda mikarafuu iliyojaa maua yaliyochanua, harufu imetanda, mhusika wangu anatabasamu. Mzee mmoja wa Wete akanisikiliza hadi mwisho, kisha akaniambia kwa upole: "Mwanangu, karafuu ikishachanua, hiyo ni hasara." Huchumwa ingali imefumba, inapoanza kupata wekundu. Jioni nyumba nzima hukaa kuchambua, karafuu upande huu na makonyo, yaani vijiti vyake, upande ule, kisha huanikwa majamvini na watu hukesha na hofu ya mvua.

Hapo hadithi yangu ilibadilika yenyewe. Yale maua mazuri yakawa alama ya shamba lililochelewa kuchumwa, na kuchelewa huko kukahitaji sababu: mwenye shamba alikuwa na ugomvi na ndugu zake. Sura nzima ilizaliwa kutoka kwenye sahihisho moja.

Kwa hiyo ukimpata mjuzi, usimwambie "nieleze kuhusu karafuu". Atakupa hotuba. Mwulize: siku ya kuchuma unaanza na nini alfajiri? Kinachouma mwilini jioni ni nini? Mnagombania nini, hesabu ya pishi, kile kipimo cha karafuu, au kitu kingine? Mgeni hukosea wapi? Nenda na daftari, na muda wake uuheshimu.

Hatua ya 4: Wasomaji watatu, baada ya rasimu ya pili

Watatu wanatosha. Mmoja awe msomaji wa riwaya hasa, mmoja asiyependa kusoma, na mmoja anayefanana na watu unaowaandika. Usiwaulize "umeionaje?" kwa sababu watasema nzuri. Wape penseli, waweke mstari pale walipochoka na duara pale waliporudi kusoma mara ya pili. Wakimaliza, waambie wakusimulie hadithi bila kufungua mswada. Mhusika ambaye wote watatu wamemsahau ana kasoro, au hana kazi humo ndani.

Hatua ya 5: Sasa mhariri

Jua unamtaka yupi. Mhariri wa hadithi hutazama msuko, yaani matukio yanavyofungamana, mpangilio wa sura, na nafsi ya usimulizi, yaani nani anasimulia. Mhariri wa lugha hutazama sentensi na tahajia. Anza na wa kwanza, maana hakuna faida kunyoosha sentensi za sura itakayoondolewa. Kabla ya kupatana bei, mwombe akuhariri kurasa tano. Kama zimerudi zikiwa na sauti yake badala ya yako, mshukuru na umlipe kazi aliyofanya, kisha uendelee kutafuta.

Hatua ya 6: Tuzo na mchapishaji

Ukiwa na mswada uliokamilika, mashindano nayo ni msaada. Shindano la hadithi za Kiswahili la 1957–58 lililoendeshwa na East African Literature Bureau, shirika la vitabu la Afrika Mashariki enzi hizo, ndilo lililomtambulisha mwandishi wa riwaya Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar. Kazi iliyoshinda ilitoka kitabu mwaka 1960. Siku hizi ipo Tuzo ya Mwalimu Nyerere chini ya Taasisi ya Elimu Tanzania, na ipo Safal-Cornell, tuzo ya fasihi ya Kiswahili iliyoanzishwa 2014 kwa jina la Mabati-Cornell. Soma masharti ya mwaka husika neno kwa neno.

MASWALI YA WANACHAMA

*Shikamoo mwalimu. Mimi niko kijijini, sina mtu anayesoma riwaya. Hao wasomaji watatu nitawatoa wapi?*

Marahaba mwanangu. Kwani shangazi yako hasikii? Msomee sura moja jioni mkiwa mnachambua mboga. Akikatiza kwa kuuliza "ehe, ikawaje?", hapo hadithi imeshika. Akianza kuzungumzia mambo ya jirani, weka alama kwenye mstari uliofikia.

*Mwalimu, nauza hadithi kwa sehemu kwenye WhatsApp, wateja wanalipa na wanasifu. Bado nahitaji msaada?*

Hongera kwa kupata wanaolipa, si jambo dogo. Lakini wao wanasoma kipande leo, kingine keshokutwa. Kwa hiyo umezoea kuwakumbusha yaliyopita, na kila sehemu umeimaliza kwa mshtuko. Ukiunganisha sehemu 60 kuwa kitabu, huko kukumbusha kutachosha na mishtuko itazoeleka. Mtafute mtu ambaye hajawahi kuiona, aisome yote mfululizo.

*Nikimpa mtu mswada si ataniiba?*

Hofu yako naielewa, kaka. Kisheria hakimiliki inakuwa yako tangu ulipoiandika kazi. Kuisajili COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya Tanzania, au KECOBO kwa walio Kenya, kunakuongezea ushahidi. Tuma kwa barua pepe ili tarehe ibaki, na uhifadhi rasimu zako zote za zamani, hata zile mbovu.

*Kuna "mchapishaji" ameniambia nilipie gharama zote kwanza. Nifanye nini?*

Dada, huyo anayekudai gharama zote anafanya kazi ya mchapaji, yaani mwenye mashine. Mchapishaji hugharimia kitabu mwenyewe na kukulipa mrabaha, yaani fungu lako la mauzo. Kulipia uchapaji si dhambi, wengi tumeanza hivyo, ila basi vitabu vyote viwe vyako, bei upange wewe, na haki zote zibaki kwako. Kama analipwa na wewe halafu mkataba unampa haki za kazi yako, usitie saini. Nitumie ukurasa wa huo mkataba wenye kipengele cha haki, tukisome pamoja kabla hujamrudia.