Gemu za VR za Windows kwenye Linux, kwa miwani ya Quest

Proton, yaani programu ya Steam (duka la gemu) ya kuendeshea gemu za Windows kwenye Linux, peke yake haitoshi kwa gemu za VR (uhalisia pepe). Inaendesha gemu ya Windows vizuri tu, lakini haipeleki picha kwenye miwani ya Quest, ile miwani ya VR ya Meta. Kazi hiyo ni ya WiVRn, programu ya kurusha picha kutoka kompyuta hadi miwani: seva yake unaiweka kwenye kompyuta (ipo Flathub, duka la programu za Linux), na programu yake kwenye miwani. Matoleo ya pande zote mbili lazima yalingane, la sivyo hayataelewana.

Kosa linalowasumbua wengi ni gemu kufunguka kama dirisha la kawaida kwenye skrini huku miwani haionyeshi kitu. Sababu ni kwamba Steam huifungia gemu ndani ya kontena (eneo lililotengwa na programu nyingine), isiweze kuifikia soketi ya WiVRn, yaani njia ya kuwasiliana nayo. Fungua sifa za gemu, na kwenye sehemu ya amri za kuanzishia uandike:

PRESSURE_VESSEL_FILESYSTEMS_RW=$XDG_RUNTIME_DIR/wivrn/comp_ipc %command%

Gemu za zamani zinazotumia OpenVR, mfumo wa zamani wa VR, badala ya OpenXR, ule wa sasa, zinahitaji pia xrizer au OpenComposite, programu za kutafsiri kati ya mifumo hiyo miwili.

Miwani isipoiona kompyuta, hakikisha avahi (huduma ya Linux inayofanya vifaa vionane kwenye mtandao wa nyumbani) inafanya kazi, kisha fungua mlango (port) 9757, TCP na UDP, kwenye ngome ya mtandao (firewall).

Kompyuta iunganishe na ruta kwa waya, miwani ibaki Wi-Fi ya GHz 5. Kwenye maghorofa ya Roysambu au Pipeline, Nairobi, GHz 2.4 imejaa ruta za majirani na picha itakwamakwama. Bando haliliki hapa: picha zinapita ndani ya nyumba tu, hata faiba ikikatika.