Bamba la kupikia nje kwa familia: pima unene wa chuma na fikiria upepo wa Dodoma kabla hujatoa hela

Kama nyumbani mko watu sita kwenda juu na kila Jumapili unakaanga chapati moja moja kwenye frampeni mpaka ya kwanza imeshakuwa baridi na unga bado umejaa kwenye beseni, bamba la nje litakusaidia sana aisee. Naongelea lile jiko lenye chuma kimoja kipana, bapa, moto uko chini yake, unaweka chapati sita kwa mpigo, au mayai upande huu na vitunguu na hoho upande ule. Mafundi wanaita pleti, mi naita bamba. Napikia bamba hapa Ilazo, Dodoma, mwaka wa nne sasa, hili nililonalo ni la pili, na yote nitakayosema nimeyajua kwa kupika juu yake.

Kwanza niseme hili ili mtu asinunue kitu kwa matarajio mengine: bamba halitakupa nyama choma kama ya mnadani Msalato. Ule moshi unatokana na mafuta ya nyama kudondokea kwenye makaa, na kwenye bamba mafuta hayadondoki popote, yanabaki juu. Unachopata ni nyama iliyokaangika vizuri kwa nje na ndani ina maji yake, perege wa Mtera asiyekatika katika, chapati, mayai, ndizi, soseji za watoto. Kama familia yenu ni ya mbuzi choma tu basi chukua grili ya waya, hela yako itakuwa imekaa pazuri.

Sasa unene. Hapa ndo watu wengi wanaumia. Bamba langu la kwanza nilinunua limeshatengenezwa kabisa, limepakwa rangi nyeusi inang'aa, lina majiko matatu chini na kimeza pembeni cha kuwekea sahani. Nikagonga kwa vidole, muuzaji akaniambia "mama hili ni chuma tupu hili, utarithisha wajukuu", nikalipa. Siku ya kwanza nimewasha moto, haijafika hata dakika tano nikasikia paa! kama bati la nyumba linavyolia jua likipanda, kuangalia hivi katikati pamevimba juu kama mgongo wa kobe. Mafuta yote yakakimbilia pembeni, yai nikilipasua linateremka linaenda kujikusanya kwenye kona, chapati katikati zinaungua na pembeni bado ni unga mbichi. Kuja kupima, kumbe lile chuma ni milimita 2.

Sababu yake iko hivi. Chuma kikipata moto kinatanuka, na pale juu ya jiko kinatanuka zaidi kuliko pembeni. Kikiwa chembamba hakina nguvu ya kujizuia na moto hauna muda wa kusambaa, kwa hiyo kinapanda juu au kinazama chini. Na ubaya mwingine, lile bamba lilikuwa limechomelewa kwenye fremu kuzunguka kote, halina pa kutanukia, ikabidi livimbe tu. Kwa hiyo ukienda kwa fundi mwambie mapema kabisa, bamba lisichomelewe kwenye fremu. Fremu iwe ya engo (kile chuma chenye umbo la L), bamba likae juu yake kama mfuniko, liwekewe vituo vidogo kwenye kona lisiteleze. Likitanuka linasogea kidogo, likipoa linarudi, na siku ya kusafisha unalinyanyua. Zile kingo za pembeni na nyuma nazo zichomelewe kwa vipande vifupi vifupi, fundi aruke aruke, asivute mstari mmoja mrefu, maana huo mstari wenyewe unakunja chuma hata kabla hujawasha moto.

Kwa familia na gesi, chukua milimita 5 au 6. Milimita 3 itakufaa kwa kibamba kidogo cha jiko moja tu, milimita 8 mpaka 10 ni ya mtu wa biashara anayewasha asubuhi na kuzima usiku, we wa Jumapili utachoma gesi nyingi kabla hata hujaweka chapati ya kwanza. Na usikubali neno la mdomo. Ukisikia mtu anakutajia geji 16 (geji ni namba ya unene wa bati) ujue hapo ni kama milimita moja na nusu, hiyo ni ya kutengenezea milango. Kama huna kipimo cha fundi tumia mizani, hii haidanganyi: chuma cha mita moja kwa mita moja chenye unene wa milimita 1 kina uzito wa karibu kilo 8. Kwa hiyo bamba la sentimita 60 kwa 45 la milimita 6 linatakiwa lifike kilo 12 na kitu, bila kingo bila fremu. Ukiliweka kwenye mizani ya wauza nafaka likasoma kilo 6, hiyo ni milimita 3 hata fundi aape vipi.

Aina ya chuma sitakaa sana hapo. Chuma cheusi cha kawaida kinatosha na ndo kizuri. Stenlesi inapendeza macho na haishiki kutu ila inasambaza moto vibaya na chapati zinagandia mpaka uizoee. Chuma cha kusubu, kile kinachoyeyushwa na kumiminwa kwenye kalibu, ni kitamu kupikia ila kizito na kikidondoka kinapasuka. Mabati yale yenye zinki usiyaguse kabisa kwa kupikia, zinki ikipata moto mkali inatoa moshi wa sumu, na pipa lililokatwa nalo liache hata kama ni la bure, hujui lilibeba nini.

Ukubwa hesabu kwa chapati, ni rahisi. Chapati ya kawaida ina upana wa kama sentimita 20, kwa hiyo sentimita 60 kwa 45 inabeba sita na inabaki nafasi kidogo ya mwiko kupita. Hiyo inatosha watu sita mpaka wanane. Mkiwa familia kubwa, wajomba na shangazi wanakuja wikiendi, nenda 80 kwa 50, zinakaa nane, ila ujue hapo milimita 6 inafika karibu kilo 19 na haitanyanyuliwa na mtoto.

Haya, upepo. Mtu wa Dar anaweza asielewe ila wa Dodoma ananielewa, kuanzia mwezi wa sita mpaka wa tisa huku upepo unapuliza mpaka nguo zinakimbia kwenye kamba, na bamba linakaa juu ya moto kwa nafasi, huo upepo unapita palepale kati. Moto unalala upande mmoja, nusu ya bamba inaungua na nusu nyingine haishiki, na jiko moja likizimika hujui, gesi inatoka tu. Mi nilipika miezi miwili hivyo nikidhani bamba bovu. Dawa yake ni ukuta wa bati gumu pande tatu, unaanzia usawa wa bana (yale majiko ya chini yanayotoa moto) unapanda mpaka chini ya bamba uache upenyo wa kama vidole viwili, na upande wa nne ubaki wazi. Ule upenyo ni wa lazima, hewa chafu isipotoka moto unakosa pumzi, unaanza kuwa wa njano na masizi yanapaka chini ya bamba. Moto mzuri ni bluu na ncha zake zinalamba bamba kidogo tu. Huku kwetu upepo mwingi unatoka mashariki, ila nyumba na kuta zinaugeuza, kwa hiyo kabla hujachagua kona ya uwanja funga kitambaa kwenye kijiti saa ile ambayo huwa unapika uangalie kinapepea wapi. Mgongo wa jiko uelekee kule upepo unakotoka.

Bana nazo, ukipewa uchaguzi kati ya zile za duara na zile za bomba refu lenye matundu, chukua za bomba. Ya duara inachora duara lake juu ya bamba, utaliona kabisa kwenye chapati. Mbili za bomba kwa sentimita 60 zinatosha, ila kila moja iwe na koki yake, hiyo usikubali kuikosa maana raha yote ya bamba ni kuwa na upande wa moto na upande wa kupumzishia.

Kwenye gesi piga hesabu kabla. Bana yenye nguvu ya kilowati 3 ikiwa wazi yote inakula kama robo kilo kwa saa au pungufu kidogo, mbili zinafika karibu nusu kilo. Mtungi wa kilo 15 utakupa masaa kama thelathini ya moto mkali, na moto mkali unauhitaji mwanzoni tu. Sasa kuna watu wanaagiza yale ya Marekani, kama lile kubwa la Blackstone la inchi 36 lenye bana nne za jumla ya BTU 60,000 kwa saa (BTU ni kipimo chao cha joto). Ni jiko zuri, ila ukifungulia zote linakula kilo moja na robo na zaidi kwa saa, yaani mtungi wa kilo 6 unaisha kwa masaa manne na kitu. Halafu mdomo wa mtungi wa kwao sio huu wa kwetu, utabadilisha regyuleta na mpira, na hiyo kazi mpe fundi wa gesi anayeijua, usimpe wa kuchomelea. Mtungi usikae chini ya bamba hata siku moja. Weka pembeni, umesimama, mpira usiguse chuma, na kila ukiunganisha paka povu la sabuni kwenye maungio, ukiona mapovu yanavimba funga. Mpira wenyewe jua la huku linaukausha, ukiukunja ukaona nyufa badilisha.

Mkaa pia unawezekana na bamba nene linasaidia kusawazisha moto, ila kuudhibiti ni kazi kwenye upepo, na usije ukauingiza ndani au kwenye kibaraza kilichofungwa eti mvua inanyesha, ile hewa yake ya sumu haina harufu na inaua watu. Mwaka 2024 serikali ilishazuia kuni na mkaa kwa taasisi zinazopikia watu zaidi ya 100 kwa siku, na mkakati wa nishati safi unataka asilimia 80 ya Watanzania waifikie ifikapo 2034. Familia haijakatazwa, ila kama ndo unatengeneza jiko jipya leo mi ningeenda na gesi.

Likishafika nyumbani bado halijawa la kupikia. Chuma kipya kina magamba ya rangi ya kijivu yenye ubluu, fundi ayasage na grenda mpaka chuma cheupe kionekane, rangi ya aina yoyote isiguse sehemu ya juu. Osha kwa sabuni, kausha motoni, halafu paka mafuta ya alizeti yaliyochujwa vizuri, huku hayatusumbui kupata, ukiwa na ya Kibaigwa au ya Singida yatafaa tu. Paka kidogo sana kwa kitambaa, kisha futa kama vile umekosea kupaka. Washa moto mpaka litoe moshi na moshi uishe wenyewe, acha lipoe kidogo, rudia mara tatu nne. Utaona linatoka kijivu linaenda kahawia mpaka nyeusi inayoteleza. Ukiweka mafuta mengi ili umalize haraka yatakuwa ulimbo, yatashika vidole na chapati pia.

Kabla ya kupikia wageni nunua mkate wa slesi, pasha bamba dakika kumi kwa moto wa kati, panga slesi bamba zima, hesabu dakika mbili ugeuze zote. Hapo bamba linakuonyesha ramani yake. Langu kona ya nyuma kushoto slesi zilitoka nyeupe kabisa na katikati zikawa kama kahawa, ndo nikajua kule kona ni pa kuwekea chapati zilizoiva zibaki na joto. Mama mkwe alivyokuja akaanza kupika moja kwa moja bila kuniuliza, nikamwambia "mama, anzia hapa katikati, kule unaweka zilizoiva", tukamaliza unga kilo mbili kabla chai haijapoa.

Tobo la mafuta liwe mbele na kopo lake, na jiko liinamie huko kidogo tu. Mwaga kijiko cha maji uone yanaenda wapi, uwanja wetu ni mchanga, weka tofali chini ya miguu mpaka yafuate tobo. Ukimaliza kupika kwangua likiwa la moto, ukitaka maji nyunyiza kidogo ya uvuguvugu, usimwage ndoo ya maji baridi kwenye chuma cha moto hata kiwe kinene vipi. Nyanya na ndimu zisikae juu muda mrefu, zinabandua ule weusi. Futa, paka tone la alizeti, funika kwa turubai maana vumbi la hapa halina msimu. Mvua zikianza mwezi wa kumi na mbili nyanyua bamba uliingize stoo, fremu ibaki nje.