Kupunguza Diski za Programu Kabla ya Safari

Huna haja ya kusafiri na mfuko mzima wa diski za kusakinishia programu. Sidii hubeba MB 700, nyingi hata hazijai. Dividii ya kawaida hubeba GB 4.7, ambazo kompyuta huzionyesha kama 4.37 hivi kwa kuwa huhesabu kwa 1024 badala ya 1000. Sidii sita zilizojaa pomoni huenea humo. Kunakili ni kazi rahisi. Kazi yenyewe ni kuhakikisha programu itakubali kusakinishwa ikiwa mahali papya.

Hatua ya 1: Chambua
Diski ya mfumo endeshi, ile inayowasha kompyuta, iweke kando. Sehemu ya kuwashia haimo kwenye mafaili unayoyaona, kwa hiyo ukinakili mafaili tu utapata diski isiyowasha kitu. Ichome, yaani iandike kwenye diski tupu, peke yake kutoka kwenye faili lake la ISO, faili moja lililo nakala kamili ya diski nzima. Zenye kinga dhidi ya kunakiliwa zibebe zenyewe.

Hatua ya 2: Folda moja kwa kila programu
Nakili vyote kwenye folda ndani ya kompyuta, pamoja na mafaili yaliyofichwa. Humo weka faili la maandishi lenye namba ya leseni, maana mara nyingi namba hiyo imebandikwa kwenye kasha linalobaki nyumbani. Kwa sababu hiyo, dividii utakayochoma itunze kama nyaraka zako.

Hatua ya 3: Programu yenye diski kadhaa
Anza kwa kuweka folda za Disk1, Disk2 na Disk3 sambamba. Baadhi ya visakinishi huziona na kuendelea bila kuuliza. Vingine hutaka mafaili yote, data1.cab, data2.cab na kuendelea, yawe ndani ya folda moja. Hapo ukiulizwa kama faili jipya lichukue nafasi ya la zamani, usikubali haraka: linganisha ukubwa kwanza, kwani mafaili mawili yanaweza kuwa na jina moja na yaliyomo tofauti.

Hatua ya 4: Jaribu kabla ya kuchoma
Hatua hii usiiruke kamwe. Toa diski zote, kisha sakinisha kutoka kwenye folda mpaka mwisho, ikiwezekana kwenye kompyuta nyingine. Kisakinishi kikiendelea kudai diski ilhali mafaili yote yapo, huenda kinatafuta jina la diski ya asili. Dividii moja ina jina moja tu, hivyo programu mbili za namna hiyo hazikai pamoja kama folda. Zihifadhi kama mafaili ya ISO. Ukifika, nakili ISO kwenye diski kuu na uifungue. Kuanzia Windows 8, kubofya mara mbili kunatosha.

Hatua ya 5: Choma
Mimi hutumia programu ya kuchomea iitwayo ImgBurn. Kwenye mifumo ya kupanga mafaili, chagua UDF, kwani ule wa Joliet hukata majina yanayozidi herufi 64. Punguza kasi, na ruhusu programu ihakiki diski ikimaliza. Andika juu yake kwa kalamu laini ya wino, si ya ncha ngumu.

Kama laptopu yako haina kisomaji cha diski, folda hizohizo ulizokwisha kuzijaribu zihamishie kwenye flashi. Flashi yenye mfumo wa mafaili wa FAT32 hukataa faili linalofika GB 4, basi iumbize (format) kwa mfumo wa exFAT kwanza.